Fundo la Alasiri

"Nimeswali?"

Swali hilo liliulizwa mchana kweupe, ndani ya nyumba ya mtu mwema, na hakuna aliyelijibu. Mmoja alipita na sinia la tende. Mwingine alisema "ndiyo, ndiyo" huku keshavuka kizingiti, na hilo mimi silihesabu kuwa ni jibu.

Wametusimulia waliotutangulia, Allah awarehemu, kwamba muulizaji alikuwa Bibi Lubaba, mwanamke wa mji mmoja wa Iraki ya kale, aliyesuka mikeka na kufuma mazulia ya misikiti kwa miaka arobaini. Uzee ulimjia na maradhi ya kusahau, kisha miguu nayo ikakataa. Kilichobaki kwake ni swala. Kila baada ya kitambo kidogo aliuliza kama ameshaswali, na watu wa nyumbani walimpa jibu lililo jepesi kwao. Akiwa ameswali, walimwambia ameswali. Akiwa hajaswali, walimwambia vilevile ameswali, ili maji yasichotwe na yeye asiinuliwe. Mwishowe akawa hamwamini yeyote. Akilia, alikuwa akipiga ukuta kwa kiganja.

Mwanawe aliitwa Hakam. Alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, na majirani walimwendea awaombee dua. Sisemi hivi kwa kejeli. Alikuwa mchamungu kweli, na ndiyo maana kisa chake kinatufaa. Kisa cha fasiki kingetufundisha nini tusichokijua? Alipoona hali ya mama yake imemshinda, alimwajiri Umaima, mjane aliyejulikana mjini kwa kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza ubavu wasifanye vidonda, na kukaa nao tu, kwani kukaa nao ni nusu ya kazi.

Umaima alikuwa na desturi zake. Hakumgusa mzee kabla ya kumwambia anachotaka kufanya. "Sasa naosha mkono wa kulia, mama. Sasa nakufunika, kisha tutaosha mguu." Maji aliyapasha moto, na shuka hakuiondoa ila mahali pale panapooshwa. Bibi Lubaba, ambaye kila asubuhi alimwona kama mgeni, alimtazama siku moja akamwambia, "Wewe siye. Jana alikuja Umaima mwingine, mnene kuliko wewe."

"Ndiye mimi, mama. Sijapungua."

"Basi jana ulivaa nguo mbili."

Alipoulizwa kama swala imeswaliwa, Umaima alijibu, "Umeswali, mama." Naye bibi akageukia ukutani: "Nyote mwasema hivyo."

Umaima hakumlaumu. Alikaa akatafakari, kisha akatafuta uzi mnene wa sufu, akautundika kando ya kitanda. Kila bibi alipotoa salamu ya kumaliza swala, Umaima alimpa uzi ule, naye bibi akafunga fundo kwa mkono wake mwenyewe. Kichwa kilisahau, lakini vidole vya mfumaji havikusahau. Alifunga fundo la wafumaji, lile la kuzungusha mara mbili na kulipitisha chini, dogo na gumu kama punje ya mtama. Kabla ya alfajiri Umaima aliyafungua yote, siku ikaanza upya. Tangu hapo, swali lilipokuja, jibu lilikuwa, "Shika uzi wako, mama." Bibi aliupapasa, akahesabu, akatabasamu. "Hili ni langu," alisema, na moyo wake ukatulia. Kama uzi ulisema bado, Umaima alisema bado, akaenda kuchota maji. Hata kama ndiyo kwanza amekaa.

Wakaishi hivyo miezi mingi, na kilio kikakoma katika nyumba ile.

Kisha ikaja siku ambayo Hakam aliwaalika wazee wa msikiti nyumbani kwake baada ya alasiri, awasomeshe. Na darsa yenyewe ilihusu nini? Wema kwa wazazi. Mimi sijaongeza neno, ndivyo kisa kilivyopokewa.

Baada ya adhuhuri alimwita Umaima barazani. "Leo nina wageni. Kumwinua mama, kumtawadhisha, kumrudisha, yote hayo yana kelele, na chumba chake kimepakana na baraza. Umelitazama lile fundo lake siku zote. La alasiri lifunge wewe. Akiuliza, mpe uzi."

"Lakini hatakuwa ameswali, bwana."

"Mama yangu maradhi yamemwondolea akili. Kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi. Wewe hulijui hilo?"

"Nalijua. Imeinuliwa kwake yeye. Mimi ningali na akili zangu, nawe unazo zako. Kwetu sisi imeinuliwa lini?"

Hakam alikuwa mwanachuoni, na alijua kwamba ameulizwa jambo. Lakini wageni walikuwa njiani, na mtu mwenye haraka huona kila hoja ni utovu wa adabu. "Nimekuajiri umhudumie mama, sikukuajiri uje kunifundisha dini," alisema. "Kama hutaki, kusanya vitu vyako."

Umaima hakuwa na nyumba. Pahali pake pa kwenda palikuwa kwa dada yake, mwenye chumba kimoja na watoto saba. Aliyajua hayo yote alipokuwa akifunga furushi lake la nguo. Aliingia kwa bibi, akambusu kichwani. "Naondoka, mama."

"Utarudi?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Baada ya muda mfupi bibi angesahau kwamba aliuliza. "Sijui, mama," alisema Umaima, akatoka.

Hakam akalifunga fundo mwenyewe. Wageni wakaja kutoka msikitini, wakakaa, wakanawa, darsa ikaanza. Alikuwa amefika katika haki ya mama anapofikia uzee, sauti ikatoka chumbani: "Nimeswali?" Hakam aliomba radhi, akaingia, akamwekea mama yake uzi mkononi.

Vidole vikapita. Fundo la alfajiri. Fundo la adhuhuri. Vikasimama juu ya la tatu.

"Hili limefungwa na mtu mwenye haraka," alisema Bibi Lubaba. "Nani kauchezea uzi wangu?" Kisha, kwa kuwa uzi ulioingiwa na mkono wa mwingine haukuwa tena na thamani kwake, akaanza kuyafungua mafundo yote, moja baada ya jingine, hata yale mawili ya kweli. Akautupa sakafuni. Akapiga ukuta. "Nimeswali? Nimeswali, enyi watu?"

Barazani watu walibaki na vikombe mikononi. Mwisho mkubwa wao kwa umri akasema kwa upole, "Ewe Hakam, mama yako anauliza."

Naye Hakam akafungua kinywa ajibu. Akisema ndiyo, ni uongo. Akisema hapana, ni kweli, lakini ni kweli itokayo katika kinywa ambacho mama yake hakiamini tena. Alikuwa amesomesha watu miaka ishirini, na hakubakiwa na neno moja ambalo mama yake angelipokea. Alivaa viatu, akatoka mbele ya wageni wake bila kuaga.

Alimkuta Umaima kwa dada yake anapembua dengu.

"Rudi," alisema. "Nimekosa."

"Umemkosea yeye, bwana. Mimi umenifukuza tu."

"Nitamwambia nini? Hanisadiki."

"Hakusadiki leo. Mimi pia hakunisadiki siku za mwanzo." Alitua ungo, akatazama jua lilipofika. "Nitarudi. Lakini maji ya alasiri utachota wewe, leo na kila siku. Kazi nyingine zote nitazifanya mimi kama nilivyozifanya."

"Nikubali sharti kutoka kwa niliyemwajiri?"

"Kukubali ni hiari yako. Ila jua halitungoji tubishane."

Wakaenda kwa haraka. Hakam, na nguo zake za darsa, alichota maji, akayapasha moto, akaingia nayo chumbani. Jua lilikuwa bado halijageuka manjano. Wageni walikuwa wangali pale, maana hakuna aliyeona heri kuondoka.

"Wewe nani?" aliuliza Bibi Lubaba.

"Hakam, mama. Mwanao."

"Hakam mwanangu ana wageni."

Umaima, aliyesimama mlangoni, hakumsaidia. Hakam akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nimeswali?" aliuliza bibi.

"Bado, mama. Hujaswali alasiri. Na lile fundo nililifunga mimi, nikataka uamini kuwa ni lako."

Bibi alimkazia macho. "Nilijua," alisema. "Hakam hajui kufunga fundo tangu utotoni. Hata kiatu chake nilikuwa nikimfungia mimi." Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akayangoja maji.

Aliswali, akafunga fundo lake. Kabla uzi haujatundikwa akauliza tena, na Hakam akamjibu tena. Wanasema Hakam alimtawadhisha mama yake kila alasiri hadi bibi alipofariki, na darsa ile hakuirudia kamwe.

Nami sitaki tumhesabu Hakam miongoni mwa waovu. Aliambiwa haki akaikubali mbele ya watu, na wangapi wetu wamefanya hivyo? Lakini nachukia tunaposimulia wema wa watoto na kumsahau Umaima, kana kwamba aliyeajiriwa hana taqwa, au ujira wake umemfungia mlango wa thawabu. Aliweza kumdanganya mtu asiyekumbuka chochote, na hakuna ambaye angejua. Akakataa, na kukataa kwake kulimtoa chini ya paa.

Basi, ndugu yangu, sikuombi makubwa. Mzazi wako akikuuliza leo jambo lile lile kwa mara ya saba, naomba usimame hapo hapo umjibu, na umjibu kweli.