Swali la Mawingu

Mtu mmoja alikuwa na shirika la ndege, naye alikuwa mtu wa haki. Nalisema hili mapema ili msimtafute mbaya wa kisa hiki, maana hayumo. Alipotaka vijana wa kuwasomesha urubani bila malipo, aliwakataza wasaili wake kumuuliza mwombaji ni mtoto wa nani au anatoka wapi. Aliyefaulu hesabu na kupimwa macho aketi, aulizwe swali moja tu, lile lile kwa wote: mawingu yanaonekanaje ukiwa juu yake? Aliamini kwamba mwenye kuipenda anga hawezi kulijibu kwa ubaridi.

Atupele alikuwa binti wa mkulima wa maharage, na shamba lao lilipakana na kiwanja cha ndege. Ndege ikipita, aliinuka na kuegemea jembe mpaka ipotee. Baba yake, Mzee Mwakibete, hakumgombeza; alimmalizia mstari wake, akijua kwamba mtoto hayupo. Atupele alizijua ndege kwa matumbo tu. Mgongo wa ndege hakuwahi kuuona, wala wa wingu. Alitamani kuruka, jamani, alitamani mpaka chakula kikamshinda. Wenzake walimtania kwamba ataolewa na rubani, na yeye alitaka kuwa rubani mwenyewe.

Alifaulu hesabu. Alifaulu macho. Siku ya swali alikaa kwenye benchi nje ya chumba pamoja na Irfani, kijana mpole ambaye tangu anapakatwa amekuwa akipanda ndege kwenda kwa shangazi zake. Irfani aliingia kwanza. Alipotoka alimwonea huruma mwenzake, akamnong'oneza swali na jibu pia: mawingu ni kama pamba iliyoanikwa, na kivuli cha ndege hukimbia juu yake kikizungukwa na duara la rangi za upinde wa mvua. Atupele alisikiliza huku machozi yakimlengalenga. Hakuwahi kudhani kwamba kuna uzuri kiasi hicho juu ya paa lao, na kwamba watu huupita wakiwa wamelala.

Aliingia, akasema shikamooni, akaketi. Akaulizwa. Jibu alikuwa nalo mdomoni, zuri, la kuazima. Lakini kitu alichokitamani maisha yake yote hakutaka kukianza kwa uongo.

"Sijayaona," alisema. "Ndiyo maana nimekuja."

Wasaili walitazamana. Walimshukuru kwa adabu, wakaandika kwamba binti huyu haonyeshi mapenzi ya anga. Irfani alichaguliwa, na leo ni rubani mzuri. Sina neno naye. Mwenye shirika alifurahi kwamba wote walipimwa kwa kipimo kimoja, na kweli kilikuwa kimoja. Atupele alirudi nyumbani kwa basi, na njia nzima alikaa dirishani akiyatazama mawingu kwa upande wa chini, akijaribu kuuwaza upande wa pili.

Basi, ninyi mliokabidhiwa nafasi za kugawa, niambieni: swali lenu humtafuta mwenye kiu, au aliyekwisha kunywa?