Mkono Mrefu wa Kawa la Nyota

Zama hizo mbingu ilikuwa chini, mtu akikaa juu ya kichuguu anaigusa, na nyota zilionekana mchana kutwa. Shida ni kwamba hazikushikizwa na kitu. Zilidondoka ovyo juu ya mapaa ya makuti, nyumba zikateketea, na watu wakawa wanapika huku jicho moja liko juu.

Hakuna aliyehangaika kama Bi Mize, msusi wa makawa ya kufunikia chakula. Binti yake wa pekee, Mwatime, alikuwa ndani ameshikwa na uchungu wa uzazi, na juu yake palikuwa na makuti makavu. Bi Mize hakuona njia nyingine. Akatwaa miaa yake, vipande vya makuti ya kusukia, akapanda kichuguuni, akaanza kuzisuka nyota ziwe kawa moja kubwa, zisianguke tena.

Wasusi wana mwiko wao: ukianza kawa, huinuki mpaka uufunge ukingo. Bi Mize aliujua vizuri, lakini hofu ilimtia pupa. Kitovuni, katikati ya kawa, alirundika nyota bila kipimo, za pembeni zikabaki chache. Kisha, badala ya kuzungusha ukili mmoja, ule msuko mrefu unaoshonwa duara kwa duara, akazungusha mbili kwa pamoja apate kumaliza upesi, mmoja ameubana kwa kidole cha mguu, mwingine mkononi. Alishona huku ametega sikio nyumbani.

Ulibaki mzunguko mmoja tu mkunga alipotoka mbio.

"Bi Mize! Mtoto ametanguliza miguu! Mwatime anakuita!"

"Nimalize huu mmoja tu, dada yangu!"

"Utamkuta hayupo!"

Bi Mize akainuka. Ukili wa mguuni ukafyatuka. Ule wa mkononi alisahau kuuachia, akaukokota hatua saba, na nyota alizozifumbata zikabaki fundo mwishoni. Alipouachia, kawa likaruka juu na kuivuta mbingu yote.

Mwatime alipona, na mtoto akalia. Bi Mize alimbeba akatoka naye nje. Kawa lilikuwa limefumuka, kili zake mbili zimeachana, tena liko mbali, hata kichuguu hakikufaa kitu. Akalia kwa furaha na kwa woga.

Na tangu siku hiyo, wanaochungulia kwa darubini huliona kawa lile: kitovu cheupe pe, na kili zile mbili kama mikono miwili iliyotenganishwa na giza, mmoja mfupi, mwingine mrefu wenye fundo la nyota nchani. Na kwa kuwa ukingo haukufungwa, nyota bado huchomoka moja moja. Ndiyo maana bibi akiona kimwondo, kabla hajasema neno, humfunika mjukuu wake utosi kwa kiganja.