Wachumba Watatu wa Siwema

Kaeni vizuri, na anayetafuna karanga amalize, maana mwishoni nitamuuliza kila mtu.

Siwema alikuwa mpima ardhi mjini Morogoro. Mipaka ya viwanja haikumpa shida, wachumba ndio waliomshinda. Alijiunga na mtandao wa kutafuta wenza, akakutana na mmoja ambaye picha yake ilipigwa enzi bado ana nywele, na mwingine aliyekuja na dada yake ili amkague. Baada ya misukosuko hiyo wakabaki watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Hamdani wa Singida alikuwa na sikio. Akisikia sauti yako tu, anajua kama umekula. Ila kila wiki alisema atakuja wiki ijayo.

Mdoe alikuwa na gari na wepesi wa kuitika. Ukimwita, amefika. Ukimwandikia maneno matamu ukurasa mzima, anajibu, "Sawa."

Festo alikuwa na moyo wa kutoa, ingawa aliogopa sindano kuliko nyoka. Siku ya kwanza walibishana na Siwema kuhusu kila kitu, wakagundua wanalingana kundi la damu tu.

Kila mmoja aliomba jibu. Kila mmoja aliambiwa, "Nipe muda."

Asubuhi moja Siwema alimtumia Hamdani salamu ya sauti. Hamdani akashtuka, sauti ile ilikuwa ya mgonjwa. Akapiga simu, akapiga tena na tena, mpaka Shangazi Mwanahawa, anayekaa nyumba ya jirani, akaingia kulalamikia kelele za simu. Akamkuta Siwema sakafuni, anatapika damu.

Shangazi akampigia Mdoe, ambaye aliwahi kuwabebea tangi la maji. "Mkwe, Siwema anakufa!"

"Sawa," akajibu Mdoe. Shangazi hajamaliza kujifunga kanga, honi ikalia mlangoni. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangemzika.

Vidonda vya tumbo vilikuwa vinavuja, na damu ya kundi lake haikuwapo hospitalini. Siwema akanong'ona, "Festo." Muuguzi akampigia, Festo akaja, akaitazama sindano, akafumba macho, akatoa. Kisha akazimia.

Siwema alipopata nafuu, saa ya kutazama wagonjwa wakaingia wote watatu, kila mmoja na chupa ya supu. Hata Hamdani alikuwa amepanda basi.

"Mimi ni mchumba wake," akajitambulisha.

"Hata mimi," akasema Festo.

Shangazi akashika kichwa. "Siwema mwanangu, kwani nina wakwe wangapi?"

Siwema alitaka kucheka, akajikuta analia. "Niliogopa kuchagua vibaya, nikawaweka nyote."

Mdoe akafungua kinywa. "Siku ya Pasaka nilikuuliza kama yuko mwingine. Ukanitazama usoni, ukasema hayupo."

Hakuna aliyegombana. Waliacha supu mezani, wakaondoka pamoja kwa gari la Mdoe. Mlangoni Festo akageuka. "Ukipona, mpigie mmoja wetu. Wengine wawili hatutakusumbua."

Siwema amepona. Jioni hukaa kibarazani, simu mapajani. Kinachomuuma si kupendwa na watatu, bali kuwadanganya watu ambao hawakumficha lolote. Bila sikio la Hamdani, nani angejua anaumwa? Bila gari la Mdoe, angefikaje? Na bila damu ya Festo, angeamka?

Haya, wewe uliyemaliza karanga, sema. Ungekuwa Siwema, ungempigia nani? Au simu hiyo ungeiweka chini?