Mwalimu Pimbi na Marahaba ya Kiboko

Nawatupia!
— Tupa tudake!
Nitupe kubwa au ndogo?
— Yoyote, bibi, mradi ina watu ndani!

Haya. Lakini kwanza apeni. Kila mtu ashike sikio lake aseme: haya hayatoki hapa.
— Hayatoki hapa!

Vizuri. Maana mimi mwenyewe niliapishwa na ndege Kanga, tena kwa kushika masikio yote mawili, na siri nimeitunza. Nimemwambia Bi Mwanakheri tu, na jirani yake, na muuza vitumbua, na waliokuwa wakingoja vitumbua. Sasa nawaambia nyinyi, basi.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule. Mwalimu mkuu alikuwa Kiboko, jitu zima, tumbo linaingia ofisini asubuhi, mkia unafika saa nne. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua, kanyama kadogo ka majabalini, kakisimama nyuma ya chaki hukaoni.

Kiboko alipenda vitu viwili: kula na kuamkiwa. Ukimwamkia, lazima aitikie. Usingizini anaitikia. Chini ya maji anaitikia: unaona mapovu tu, blup, blup, blup. La kwanza linapasuka "ma," la pili "raha," la tatu "ba."

Sasa shuleni kukazuka wizi. Leo makande yameiva, hayapo. Kesho uji umeiva, haupo. Keshokutwa viazi vimeiva, havipo, yamebaki maganda. Watoto wanarudi kwao matumbo yanalia ngurungu, ngurungu. Na ufunguo wa stoo ya chakula ulikuwa mmoja, ukining'inia shingoni kwa nani? Mimi sisemi. Mimi simsengenyi mtu. Kwa Kiboko.

Kiboko akamwita Pimbi.

"Wewe Pimbi, mwizi ni wewe."

"Mimi, Mkuu? Sufuria lenyewe nikitumbukia sitoki!"

"Ndiyo maana nakwambia. Nani mwingine hapa anapita tundu la ufunguo?"

"Na makande nayapitishaje?"

"Hayo utawaeleza wazazi siku ya kufunga shule. Siku hiyohiyo nakufukuza. Hoh! Hoh! Hoh!"

Maskini Pimbi! Shule ile ndiyo maisha yake, watoto wale ndio wanawe. Akisema mwizi ni Mkuu, nani atamsadiki, na udogo ule? Akarudi darasani, akafuta hesabu zote ubaoni, akasema, "Wanangu, kuanzia leo tunasoma heshima."

Asubuhi, "Shikamoo Mwalimu Mkuu!" Mchana, "Shikamoo Mwalimu Mkuu!" Jioni, "Shikamoo Mwalimu Mkuu!" Walimu wenzake wakamcheka, "Mwenzetu, kichwa kimepata moto?" Kiboko mwenyewe akavimba kwa furaha. "Huyu Pimbi ni mwizi, lakini kufundisha anajua."

Siku ya kufunga shule ikafika. Wazazi wakajaa uwanjani. Pilau likapikwa sufuria zima, likafungiwa stoo lingoje hotuba ziishe. Harufu yake, jamani! Hata waliokuja na shiba zao walisahau kama wameshiba.

Pimbi akapanda juu ya meza.

"Mkuu, kabla hujanifukuza, niruhusu nieleze mwaka wangu ulivyokuwa."

Kiboko akawaza: huyu akiongea, macho yote yako kwake. "Eleza, Pimbi, eleza! Wala usifupishe!"

Akavua kofia yake, akaiweka kitini, akaondoka kwa kunyata. Kiboko akinyata ardhi inatikisika, ndu, ndu, ndu. Lakini wazazi waliiona kofia kitini, wakaambiana, "Mkuu yupo, anasikiliza."

Pimbi akaanza.

"Wazazi wangu, nimefundisha miaka mingi, lakini mwaka mtamu kama huu sijauona. Mtoto wa Kobe alitoka kwao mwezi wa kwanza kuja shule. Jana kafika. Hakukata tamaa!" Makofi, pa pa pa! "Mtoto wa Kinyonga nilimuuliza rangi ya jani. Hakujibu, akawa jani. Tangu hapo sijamwona, ila vema nimempa." Makofi, pa pa pa! "Mtoto wa Fisi alikuwa akicheka kila kitu. Sasa anacheka panapochekesha tu, na akimaliza anamfuta mwenzake machozi. Na mimi, wazazi wangu, niliye mfupi kuliko dawati, kila asubuhi nikiingia wanasimama wote kunipokea. Nani ana bahati kama yangu?"

Mama Tembo, mwenyekiti wa wazazi, akapenga kamasi, na kamasi za tembo mnazijua. Mstari wa mbele wote ulilowa.

"Basi matunda ya mwaka wetu haya hapa. Wanangu, simameni! Mwamkieni Mwalimu Mkuu!"

Watoto wakasimama, wakaielekea kofia.

"Shikamoo Mwalimu Mkuuu!"

Kofia kimya. Kutoka stoo ikaja sauti: "Marahaba!"

Mama Tembo akashangaa. "Kofia hii mbona inaongelea mbali?"

"Tena, wanangu!"

"Shikamoo Mwalimu Mkuuu!"

"Marahamba-nyam!"

Wazazi wakainuka, wakaifuata sauti, Pimbi mbele, watoto nyuma yake. Wakafika mlangoni pa stoo.

"Tena, wanangu!"

"Shikamoo Mwalimu Mkuuu!"

"Mmmnyamba!"

Mama Tembo akausukuma mlango kwa mkonga. Kwaa! Lo! Kiboko huyu hapa, amepiga magoti, kichwa kimezama ndani ya sufuria mpaka masikioni, ufunguo unaning'inia shingoni, wali umemganda mwili mzima kama upele. Wazazi wote wanamtazama. Walimu wote wanamtazama. Hata nzi waliokuja kwa pilau wametua ukutani wanamtazama.

Watoto, kwa kuwa wamefundishwa wakafundishika, wakasema taratibu, "Shikamoo Mwalimu Mkuu."

Na ndani ya sufuria sauti ikajibu, "Marahaba, wanangu. Nani kazima taa?"

Hadithi imeisha, nakunja mkeka. Aliyeukalia ainuke!
— Tumeinuka!

Na fundisho lake, wajukuu zangu, ni hili: adabu ni kitu cha hatari sana. Kiboko angekuwa hana adabu hata chembe, angemaliza pilau lake kwa raha zake na kofia ingepokea makofi. Basi mkiamkiwa huku mnakula, mezeni kwanza.