Moshi Uliokosa Mwenyewe

"Laki tano! Kila mwenye moshi alipe faini ya laki tano!" Bwana Kilindo, tajiri wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma, aliwafokea wakazi walioitwa kutoa maoni juu ya sheria ndogo ya hewa chafu.

"Na bomba lako lile refu je, tajiri?" akauliza Zamoyoni, mchoma maandazi.

"Lile hutoa mvuke tu. Moshi wote wa mtaa huu ni wenu!"

"Wote?"

"Wote! Andika, mwenyekiti!"

"Haya baba, tumekubali. Ila iandikwe pia kwamba mwenye moshi ana ruhusa ya kuuziba popote unapotokea."

"Ziba mpaka pua yako!" Kilindo akacheka. Watu wakamzomea Zamoyoni kwamba amewauza.

Asubuhi Kilindo alichomoka kiwandani mbio, macho mekundu, akikohoa kama mbuzi mwenye mafua. Vijana wa mtaa walikuwa wamelifunika bomba kwa bati.

"Nani kaziba moshi wangu?"

"Wako?" Zamoyoni akauliza, mwenyekiti akiwa ubavuni pake.

"Wangu, we mwanamke! Wangu tangu enzi za baba yangu! Toeni bati!"

"Lete laki tano."