Kurasa za Foleni ya Maji

Nyumba ya akina Sidonie katika mtaa wa Mabanga, mjini, ilikuwa na vyumba viwili, na tangu vita vilipofika Rutshuru walilala humo watu kumi na mmoja. Shangazi Perpétue alikuwa amekimbilia kwao kutoka huko na wanawe watano, magodoro mawili na sufuria moja. Sidonie aliwapenda. Hata hivyo, alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha afya, na hakuwa ameandika hata ukurasa mmoja wa TFC, kazi ya kumaliza masomo. Asiyeiwasilisha kufikia mwisho wa Juni angerudia mwaka, na baba yake alikwisha kumwambia kuwa mwaka ujao zamu ya kusoma ni ya mdogo wake, Charline.

Kila siku alijiahidi kuanza atakapopata siku moja tulivu. Jumatatu mtoto alishikwa na homa. Jumanne umeme ulikatika. Jumamosi ilikuwa ya kufua. Siku tulivu ilimkimbia kama kivuli.

Asubuhi moja ya Aprili, shangazi alimkuta mbele ya daftari tupu, watoto wakimpanda mabegani.

"Sidonie, unangojea nini?"

"Nangojea mrudi kwenu, shangazi." Mara akaona haya, machozi yakamlenga. "Nisamehe. Nangojea tu nyumba itulie."

Shangazi alicheka. "Basi utazeeka na kalamu mkononi, mutoto wangu. Kule kwetu tungengojea siku ya amani, tusingekula maharagwe miaka mitatu. Bunduki zikinyamaza saa moja, tunalima mistari miwili. Zikilia, tunakimbia. Kesho tunaanzia pale jembe lilipoishia."

"Lakini shangazi, kuandika si kulima."

"Kweli. Kuandika, mutu anakaa chini."

Sidonie alizipitia saa zake zote, akaona moja ambayo hakuna mtoto aliyemfuata: ya foleni ya maji. Bombani, bidoni, yaani dumu la maji, ndiyo inayomshikia mtu nafasi. Mwenyewe hukaa pembeni akipiga soga. Tangu siku hiyo Sidonie alikalia jiwe la volkano, akaandika mpaka bidoni yake ifike mbele. Siku nyingine alipata ukurasa, siku nyingine aya mbili.

Henri, mwanafunzi mwenzake, alipita akamcheka. "Mama Bidoni, hiyo ni TFC ao ni orodha ya wachota maji? Mimi nitajifungia juma la mwisho, niimalize yote."

Sidonie aliinamisha kichwa, akaendelea.

Mwanzoni mwa Juni mizinga ilisikika hadi mjini. Chuo kikatangaza kuwa kitafungwa mapema: kazi zote ziwasilishwe ndani ya siku nne. Henri alikuwa na jalada na utangulizi tu. Sidonie alibakiwa na hitimisho. Aliliandika kwa zamu tatu za maji, akaipeleka kazi yote ikapigwe chapa, na Ijumaa akakabidhi kurasa arobaini na mbili.

Nyumbani, shangazi, ambaye hakujua kusoma, aliifunua nakala ya kazi hiyo polepole.

"Ukurasa huu uliuandika siku gani?"

"Siku Kahindo wako aliposhikwa tena na homa."

"Na huu?"

"Siku mlipopata habari kuwa nyumba yenu imeungua."

Shangazi aliulaza mkono wake juu ya ukurasa ule kidogo, kisha akaendelea kufunua, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho.

Kweli, bandu bandu huisha gogo.