Siku Kiboko Alipotafuta Kazi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, kabla binadamu hajajifanya yeye ndiye wa kwanza kuhangaikia kazi, waliohangaika walikuwa wanyama. Mwenye shamba alitafuta mikono, mwenye mikono alitafuta shamba, na katikati yao alikuwepo Nguchiro.

Mnamjua Nguchiro? Ni yule mdogo mwenye mkia mrefu, ukimwona hapa, ukipepesa jicho yuko kule. Shughuli yake ilikuwa kuwatafutia wakubwa wafanyakazi. Na mkubwa aliyemtegemea zaidi alikuwa Kiboko, mwenye mashamba ya mpunga kando ya mto.

Kwa kila mtafuta kazi aliyempeleka kwa Kiboko, Nguchiro alipewa yai. Sikusema kwa kila aliyeajiriwa. Nimesema kwa kila aliyepelekwa. Sikieni vizuri hapo, maana ndipo maradhi yalipoanzia.

Basi Nguchiro akawa hakai. Alfajiri yuko njiani, magharibi yuko njiani. Wanawe walikula na shangazi yao, wakalala na shangazi yao, hata yule mdogo akaanza kumwita shangazi "mama". Nguchiro alilisikia hilo, likamchoma, akalimeza, akaenda zake. Mayai yalijaa nyumbani, ila mwenyewe hakuwepo kuyala.

Sasa, kwa Kiboko kulikuwa na desturi yake. Mtafuta kazi akifika alikalishwa juu ya gogo langoni, juani, bila maji, ili uonekane uvumilivu wake. Kisha alipewa jembe alime mpaka jioni, ili uonekane mkono wake. Hiyo iliitwa siku ya kupimwa, na siku ya kupimwa haikuwa na ujira. Mwisho aliulizwa, "Nani shahidi wako? Taja mtu wa kazini kwako akusemee."

Akishamaliza yote, Kiboko alitoa pua majini. Pfuuu!

"Nimekuona," husema. "Njoo kesho."

Na kesho akija, huambiwa kesho.

Mmoja wa walioambiwa hivyo alikuwa Kakakuona. Yule bwana ni mchimbaji, makucha yake ukiyaona utasema ni majembe. Tembo alikuwa amemwita akamchimbie visima, lakini Nguchiro akamkimbilia. "Achana na Tembo, ndugu yangu! Kwa Kiboko umeshapata, niamini mimi!" Hakuwa amemuuliza Kiboko lolote. Alikuwa ameliona yai.

Kakakuona akaamini. Akamkatalia Tembo, akaenda kukaa juu ya gogo, akalima, akataja shahidi, akaambiwa aje kesho. Masika hayakuwa mbali sana, naye nyumbani ana mke na watoto. Mvua ikishaanza, kila shamba limeshapata watu wake, na asiye na kazi hulala njaa mpaka mavuno.

Siku moja mchana akabisha mlangoni kwa Nguchiro. "Hodi! Hodi hapa!"

Nguchiro, ambaye siku hiyo alipitia nyumbani kuweka mayai, alimwona kwa upenyo wa mlango. Fyuu! Akajificha nyuma ya mtungi. Akamnong'oneza mwanawe mdogo, "Mwambie sipo."

Mtoto akatoka. "Mama anasema hayupo."

Mnacheka. Kakakuona hakucheka.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Mwambie kwa kuwa hayupo, nitamsubiri hapa hapa. Nataka neno moja tu. Kama nimepata, aniambie nimepata. Kama nimekosa, aniambie nimekosa, nijue pa kwenda. Tembo keshapata mchimbaji mwingine. Nyumbani kila jioni wananiuliza, nami sina la kuwajibu."

Akajikunja pale kizingitini, kichwa ndani, magamba nje, akatulia.

Nyuma ya mtungi, Nguchiro aliona aibu. Aibu kweli, ile ya kuwasha masikio. Alizoea kusema watu wanamsumbua. Huyu hakuwa anamsumbua. Alikuwa anauliza alichoahidiwa. Akatoka.

"Bwana Kakakuona, nipo."

"Naona," ikajibu sauti kutoka ndani ya magamba.

"Nilikwambia umepata, na sikuwa najua. Nilitaka yai. Nisamehe."

Kakakuona akajikunjua polepole. "Nimekusamehe, dada. Lakini msamaha nitaupika kwa mboga gani?"

Nguchiro akaruka kizingiti. Akachukua njia ya mtoni, mbio, mkia juu.

"Bwana Kiboko! Tangu kiangazi kianze nakuletea watu. Umemwajiri nani?"

Pfuuu! "Bado sijapata anayefaa."

Nguchiro akatazama. Mpunga umejaa masuke kutoka ukingo hadi ukingo. Matuta yamenyooka, mifereji imechimbwa, magugu hayapo hata ya mtu kujikunia sikio.

"Na haya yote nani kayalima?"

"Wanaopimwa!" Kiboko akacheka, maji yakaruka, chubwi, chubwi! "Leo huyu, kesho yule. Wewe leta tu, mdogo wangu. Mayai si unapata?"

"Lakini sheria ya nchi inasema, aliyefanya kazi shambani hula mavuno ya shamba."

"Aliyefanya kazi, ndiyo. Hawa hawafanyi kazi. Hawa wanapimwa." Akazama, bwubwubwu, yakabaki mapovu.

Nguchiro alirudi ameinamisha kichwa. Angefanyaje? Amng'ate Kiboko? Kiboko angedhani ni inzi. Tena ajabu kubwa zaidi ni kwamba miezi yote hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimlimia Kiboko, kwa miguu ya wenzake. Tangu siku hiyo hakupokea yai tena.

Haukupita muda, Simba akatangaza anatafuta msimamizi wa kivuko. Kazi ya heshima! Kukaa kivulini, kuamua nani avuke kwanza, na kula meza moja na Simba. Akamwita Nguchiro.

"Nitafutie mtu. Nataka wa haki. Utawapimaje ni shauri lako, mimi nitakaa ndani nisikilize."

Habari ikamfikia Kiboko, akatoka majini mzima mzima, jambo lisilo la kawaida yake. "Nguchiro! Kazi ile ni yangu. Nani anakijua kivuko kunishinda mimi?"

Walikuwa langoni kwa Kiboko, alikokuwa amemwita Nguchiro, na watafuta kazi wamejaa hapo kama kawaida, Kakakuona akiwa miongoni mwao kwa kukosa pengine pa kwenda.

"Huenda ikawa yako, bwana," akasema Nguchiro. "Ila kuna kupimwa. Nikupime kwa desturi ipi? Kuna ya Tembo, ambaye humkalisha mtu kivulini, akampa uji, wakazungumza, akamjibu siku hiyo hiyo. Na kuna ya kwako. Chagua mwenyewe."

"Ya Tembo?" Kiboko akaona amedharauliwa. "Uji na mazungumzo ni ya wanyonge! Nipime kwa desturi yangu! Hakuna inayoipita!"

"Yote? Mpaka mwisho?"

"Yote, mpaka mwisho! Nyinyi nyote mashahidi!"

"Tumesikia!" wakaitikia watafuta kazi, na mmoja wao akakohoa kuficha kicheko.

Siku ya siku ikafika. Kiboko akaenda kwa Simba amejipaka matope mazuri, anatembea kwa madaha. Langoni akakuta gogo.

"Karibu ukae," akasema Nguchiro.

Kiboko akakaa. Gogo likalia, kwaa! Jua likapanda. Matope yakakauka, yakapasuka, yakadondoka. Mnajua ngozi ya Kiboko na jua haviivani.

"Nguchiro, sijaitwa bado?"

"Bado, bwana. Tunaona uvumilivu wako."

"Maji basi, hata ya kikombe."

"Kwako huwa mnatoa?"

Kiboko akajiramba midomo. Jua likafika utosini. Ngozi ikaanza kumtoka jasho jekundu. Nguchiro alimhurumia, nisiwafiche. Hata aliinuka kufuata kata ya maji. Lakini Kiboko, aliyemwona, akatoa sauti nzito.

"Kaa chini! Nilisema desturi yangu, na mimi siyo mnyonge!"

Basi akapewa kazi. Mawe ya kivuko yalikuwa yamesombwa na mafuriko ya mwaka uliopita, sasa yametapakaa mchangani. Kiboko akayasukuma kwa kifua, gudu, gudu, gudu, akayapanga mpaka yakawa njia. Maji yalikuwa pale pembeni yanamwita, lakini kila akigeuza shingo Nguchiro alimkumbusha, "Tunaona mkono wako, bwana." Alipomaliza alikuwa anahema, midomo imekauka, ngozi ina mipasuko.

"Nimemaliza! Niite ndani!"

"Limebaki moja dogo," akasema Nguchiro. "Nani shahidi wako? Taja mtu wa kazini kwako akusemee."

Kiboko akafungua kinywa, kile kinywa mnachokijua, kikabaki wazi.

Watafuta kazi walikuwa wamekuja wote kutazama. Akawaangalia hawa, akawaangalia wale. Akamwona Kakakuona.

"Huyo! Kakakuona! Nisemee, ndugu yangu, sema unanijua!"

"Nakujua, bwana," akasema Kakakuona. "Lakini mimi si mtu wa kazini kwako. Sijawahi kufanya kazi kwako."

"Hujawahi? Ule mfereji wa juu nani kauchimba?"

"Nilikuwa napimwa tu."

"Kupimwa gani!" Kiboko akanguruma, jua limeshamwingia kichwani. "Siku nzima unachimba, maji yanapita humo mpaka leo, unasema kupimwa? Umefanya kazi! Na yule kalima! Na yule kapanda! Wote hawa wamefanya kazi kwangu!"

"Wote?" akauliza Nguchiro kwa upole.

"Wote! Naapa!"

Kisha ndani ya nyumba ikasikika sauti ya Simba, haikuwa kubwa, haikuhitaji kuwa kubwa.

"Tumekusikia, Kiboko. Kama wamefanya kazi, basi wale mavuno."

Kiboko akafunga kinywa, kap! Amekwishachelewa. Angesema hawakufanya kazi, angekosa shahidi. Amesema wamefanya, na mpunga si wake peke yake tena. Vifijo vikapanda, watu wakarukaruka, Kakakuona akajikunja na kujikunjua kwa furaha. Vumbi likatimka.

Kiboko akasimama katikati yao anatetemeka kwa kiu. "Na kazi yangu?" akauliza kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Nimeipata?"

"Mwambie aje kesho!" akapiga kelele mmoja.

"Ndiyo! Kesho! Mwambie umemwona, aje kesho!" Wote wakaitikia, wanapiga makofi kwa pamoja. "Ke-sho! Ke-sho!"

Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Nguchiro, tamu kuliko yai. Tena lilikuwa haki yake, maana Kiboko mwenyewe alisema desturi yote, mpaka mwisho. Akamtazama. Akayaona macho yale ya kusubiri neno moja. Macho yale alishayaona kizingitini kwake.

Akachukua kata, akachota maji, akampa. Kiboko akanywa, gubu, gubu, gubu.

"Bwana Kiboko," akasema, "hukupata. Nguvu unazo, kivuko umekitengeneza vizuri, na siku yako ya leo utalipwa kutoka ghala la Simba. Lakini msimamizi huamua mambo ya wanyonge, na wewe hujajifunza kuwaangalia. Sababu ndiyo hiyo, sina nyingine iliyofichwa. Sasa nenda ukaoge, ngozi yako inaumia."

Makelele yakafa. Kiboko akaitazama kata tupu, kama aliyepewa kitu asichojua akishikeje. Mwisho akasema, "Ahsante kwa kuniambia." Akaingia majini, chubwiii, na wanaokaa karibu na mto wanasema alikaa chini muda mrefu sana.

Mpunga ukavunwa, kila aliyelima akala. Baada ya hapo hakuna aliyekubali tena kupimwa bure, mifereji ikaanza kuziba, na Kiboko akalazimika kumwita Kakakuona, kivulini, na kumpa kazi ya kweli kabla masika hayajashika. Uji alimpa pia. Ulikuwa na mabonge, lakini ulikuwa uji.

Na Nguchiro? Kivuko alikipatia msimamizi wa haki, kwa desturi ya Tembo. Aliendelea na shughuli ile ile, ila sasa alilipwa mtu akishaajiriwa akadumu. Mayai yalipungua, walaji wakaongezeka, kwa sababu jua likianza kuinama alirudi kwake.

Jioni moja ikasikika, "Hodi!" Alikuwa Nungunungu, anatafuta kazi, amechoka. Mtoto mdogo akakimbilia mlangoni.

"Mama yupo," akasema, "lakini tunakula naye. Karibu ukae, maji haya hapa. Akimaliza atakwambia kama ipo au haipo."

Basi, watoto wangu, anayebisha hodi kutafuta kazi mpe kivuli, maji na jibu la kweli, maana gogo unalomkalishia mwenzako leo, kesho hulikalia mwenyewe.